Mlango wa Bwana Kitasa

Waliomjua kwa jina lake la kuzaliwa walikuwa wachache, na wengi wao ndugu. Wengine wote walimwita Bwana Kitasa, naye aliitika bila kinyongo, maana jina lilitoka kwenye kazi na kazi ndiyo iliyomlisha. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona, ubavuni mwa fundi viatu, na ndani mlikuwa na mashine ya kuchonga funguo, ubao wenye funguo ghafi za kila umbo, na tupa nyingi kiasi kwamba mkewe aliwahi kumuuliza kama zinazaana.

Wateja wake walikuwa wa aina mbili. Kuna waliojifungia nje, hao walikuja wanacheka kwa aibu. Halafu kuna waliovunjiwa, na hao hawakucheka. Bwana Kitasa aliitwa nyumbani kwao vumbi la mlango likiwa bado sakafuni, akaona droo zilizomwagwa na mama mwenye nyumba ameketi kitandani hajui aanzie wapi kuokota. Mtu akiona hayo mwaka baada ya mwaka, akili yake hupinda kidogo. Yake ilipinda kuelekea milango. Hakuweza kuingia nyumba ya mtu kabla hajautazama mlango juu hadi chini, na siku moja, wamekwenda msibani, mkewe alimfinya mkono na kumnong'oneza, "Baba Chiriku, umekuja kutoa pole au kukagua bawaba?"

Chiriku ndiye binti yao, mtoto wa pekee, mwenye umri wa miaka kumi na ushee. Jina la utani alipewa na baba yake mwenyewe alipokuwa bado anajifunza kutembea, kwa sababu alianza kusema mapema na hakuona sababu ya kuacha. Alisimulia shule nzima kwa pumzi moja. Alisalimia hata watu waliokuwa wanagombana. Bwana Kitasa alimpenda kupita kiasi, na alilisema hilo waziwazi mbele ya yeyote aliyemuuliza na asiyemuuliza.

Shida ilianza pale mama mdogo wa Chiriku, aliyekuwa akiishi nao na kumpokea mtoto kutoka shule, alipopata kazi mji mwingine. Mama Chiriku alikuwa akifanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya mchana, na kurudi kwake ni usiku umeshaingia. Bwana Kitasa alifunga kibanda jua likizama. Toka shule mpaka hapo, mtoto atakuwa peke yake, ghorofa ya pili, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Bibi mzaa mama alipopata habari alipiga simu siku hiyohiyo. Alisema mtoto wa kike haachwi peke yake mjini, wamlete kwake, huko nako kuna shule. Kwa bibi ni safari ya basi ya kutwa nzima.

Bwana Kitasa hakuwa na ugomvi na mama mkwe wake. Ila kila alipojaribu kuifikiria nyumba yao bila sauti ya yule mtoto, chakula kilimshinda kumeza. Mama Chiriku aliliona hilo na, kwa kuwa ni mtu wa kupima maneno, alikata shauri. "Tumjaribu Jumamosi moja," alisema. "Akiweza, anabaki. Asipoweza, shule zikifungwa tu anakwenda kwa bibi yake, na usiniletee machozi."

Tangu hapo nyumba ikawa na madarasa mawili.

Darasa la mama lilikuwa jikoni. Kule kiwandani kwao tanuri liliwahi kushika moto, na tangu hapo wafanyakazi hufundishwa kujiokoa na kurudishiwa somo tena na tena, mpaka mtu anaota. Yale aliyofundishwa aliyahamishia kwa mwanawe. Gesi inazimwa hapa, na haiwashwi mpaka mkubwa awepo. Ukijikata, bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, piga simu. Ukiona moshi, vaa viatu, maana nje huko utakanyaga usichokijua, lowesha kitambaa ufunike pua, inama, toka, na ukishatoka usirudie kitu hata kama ni daftari la hesabu. Chiriku alisema daftari la hesabu angeliacha kwa furaha. Mama alicheka, kisha akamwambia arudie yote kuanzia mwanzo.

Darasa la baba lilikuwa mlangoni. Kwanza alishughulika na mlango wenyewe. Aliupigilia bati la chuma toka juu mpaka chini. Kitasa cha zamani akakiacha chini, akaongeza cha pili katikati, na juu kabisa akaweka cha tatu, ambacho ndicho alichojivunia. Hiki kilifungwa na kufunguliwa kwa ufunguo pande zote mbili. Wezi wa siku hizi, alieleza, wanatoboa mlango, wanapenyeza mkono, wanazungusha kitasa kwa ndani kama wenyeji. Hapa mkono ungepenya na kukuta tundu tupu. Madirisha nayo aliyachomelea nondo mwenyewe. "Hata mimi nikijifungia nje pale," alimwambia fundi viatu, "nalala kwenye ngazi mpaka kuche." Fundi viatu alimpa hongera, na Bwana Kitasa akaipokea.

Kisha akaanza kumfundisha mtoto. Alitoka nje, akasubiri kidogo, akagonga na kubadili sauti. "Hodi. Mimi ni mtu wa maji, nimekuja kusoma mita."

"Baba hayupo," ikajibu sauti changamfu toka ndani. "Mama naye yuko kiwandani, anarudi usiku. Niko peke yangu, ila kama una kiu subiri nikuletee maji."

Bwana Kitasa alilazimika kuegemea ukuta. Alipoingia alikaa naye chini, akamweleza mambo ambayo mpaka siku hiyo alikuwa hajamweleza: nyumba alizoziona, droo zilizomwagwa, watu wanaojifanya wa maji. Alieleza mengi kuliko ilivyohitajika. Halafu akampa sheria moja. Mtu akigonga, wewe hupo. Usiitike, usiulize ni nani, usisogeze hata kiti. Ukitaka jambo nipigie mimi.

"Hata akiwa Mama Cherehani?"

"Hata akiwa Mama Cherehani. Hasa Mama Cherehani."

Mama Cherehani alikuwa jirani wa mlango wa pili, mjane aliyeshona nguo za watu huku mlango wake uko wazi ili apate mwanga, na kwa mwanga huohuo akapata habari za jengo zima. Aliposikia mama mdogo wa Chiriku anaondoka, alijitolea awekewe ufunguo wa akiba, lolote likitokea awe karibu. Bwana Kitasa alimshukuru kwa adabu, na alipofika ndani akacheka. Ufunguo uliochongwa mara mbili, alisema, ni mlango uliofunguliwa nusu. Ilikuwa kauli yake ya biashara, japokuwa biashara yenyewe ilikuwa kuchonga funguo mara mbili.

Mazoezi yakaendelea kila jioni. Baba aligonga taratibu, akagonga kwa ngumi, akawa mwalimu, akawa polisi, akawa rafiki yake mwenyewe wa utotoni. Jioni moja aligonga kwa sauti yake halisi, na mtoto alipofungua akamgombeza. Wezi wanaiga sauti, alisema, mimi nikija nitakupigia simu kwanza. Chiriku alishika somo. Mwishowe baba aliweza kuutingisha mlango mpaka vumbi likadondoka, na ndani pakawa kimya kabisa. Aliridhika mno. Mama mdogo, akiwa anafunga mizigo yake, alisema mtoto siku hizi hasemi hata mezani. Bwana Kitasa alijibu kwamba anakua.

Jumamosi ya majaribio ilifika. Waliafikiana wazazi wote wawili washinde kibandani, mtaa wa pili tu, na mtoto akae ndani mpaka jioni akiwa na simu ndogo ya vibonyezo. Alifunga vitasa vitatu nyuma yao, kimoja kimoja. Kile cha juu alikifikia kwa kupanda kigoda. Bwana Kitasa alisimama nje akisikiliza kila ulimi wa kitasa ukiingia, akashuka ngazi kifua mbele.

Kibandani aliharibu funguo mbili za mteja. Mama Chiriku, aliyekuwa ameketi akishona kifungo, alimwambia atulie, mtoto hajaenda vitani. Hapo ndipo simu ilipoita.

"Baba." Alikuwa ananong'ona. "Kuna moshi. Unapita chini ya mlango. Nimefungua cha chini, nimefungua cha katikati. Cha juu ufunguo umekatikia ndani."

"Umekatikaje?" aliuliza, na hilo ndilo lililomtoka kwanza, kwa sababu ufunguo ule aliuchonga yeye.

"Sijui. Nilizungusha kwa nguvu. Mama Cherehani alikuja kugonga, alikuwa anapiga kelele watu watoke."

"Ukamwambia nini?"

"Sikusema kitu. Nilinyamaza kama ulivyosema. Ameshaondoka."

Bwana Kitasa alitoka mbio. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akikimbia, kwa hiyo mtaa mzima ulisimama kumtazama. Alikimbia simu ikiwa sikioni, mkono wa pili mtupu. Begi la vifaa lilibaki chini ya mashine, na kama si mkewe kulibeba begani na kumfuata, fundi angefika kwenye mlango wake hana hata bisibisi.

Uani watu wa jengo walikuwa wamekusanyika, wengine na ndoo, mmoja na televisheni. Mama Cherehani alikuwa akiwahesabu kwa kidole. Alipomwona Bwana Kitasa, uso wake ulilainika. "Shukuru Mungu, Baba Chiriku," alisema. "Kwako hakuna mtu. Nimegonga mpaka mkono umeniuma, kimya. Nikasema hawa wametoka wote."

Alipanda ngazi. Moshi ulikuwa mwembamba na mchungu, ukitoka mahali fulani ghorofa ya kwanza, na hakusimama kutafuta ni wapi. Alifika mlangoni kwake akaupiga kwa viganja viwili. "Chiriku! Chiriku, ni mimi!"

Ndani palikuwa kimya kabisa.

Akapiga tena, akaita tena. Ndipo akasikia sauti ndogo ikitoka kwenye simu aliyokuwa ameisahau mkononi. "Baba," ilisema, "kuna mtu anagonga."

Bwana Kitasa aliileta simu mdomoni na kusema ni yeye, ni yeye baba, na akasema mara nyingi kuliko ilivyotosha. Mtoto akaja mlangoni. Alisikia nyayo zake. Kati yao palikuwa na ubao, bati la chuma, na kitasa kimoja.

Mama Chiriku alifika na begi, anahema. Bwana Kitasa akachukua koleo jembamba kujaribu kukitoa kile kipande kilichovunjikia tunduni, lakini kilikuwa upande wa ndani, na upande wa nje ufunguo haukuweza kuingia hadi mwisho kwa sababu ya kipande hichohicho. Akachukua drili. Kitasa kile kilitengenezwa kisitoboke, na hakikutoboka. Msumari wa drili ulivunjika, akaweka mwingine, ukateleza na kumchana kidole. Watu wazima wawili walijaribu kuupiga mlango bega, bati likawarudisha. Ulikuwa mlango mzuri sana. Katika kazi yake yote hakuwahi kufunga mlango mzuri kama ule.

Wakati huo kijana wa ghorofa ya kwanza alitokea dukani na mkate wake kwapani, akaufungua mlango wake, na kumbe ni maharage. Aliyaacha jikoni akaenda kununua mkate, akakutana na wenzake, wakazungumza mpira. Sufuria ilikuwa imeungua mpaka mpini. Moto hakuna. Habari zilipanda ngazi, watu wakashusha pumzi, mwenye televisheni akairudisha kwake. Bwana Kitasa alisikia yote na hakuacha kutoboa. Mkewe alimshikia kiwiko ili drili isiteleze tena.

Mama Cherehani alikaa chini sakafuni, akasogeza kichwa karibu na mlango. "Chiriku mwanangu, ni mimi. Ni sufuria tu ya huyu mtoto wa chini, asiyejua kupika wala kuangalia saa. Niambie, uko wapi humo ndani?"

Ndani ikatoka sauti ya kuomba ruhusa: "Baba, nimjibu?"

Bwana Kitasa alisimamisha drili. "Mjibu," alisema. "Mjibu, mwanangu. Ongea naye."

Chiriku akaongea. Mwanzoni kidogo, halafu zaidi, na mpaka kitasa kilipokubali kuachia, alikuwa ameshamweleza Mama Cherehani alichokula mchana. Mlango ulifunguka wakamkuta amesimama juu ya kigoda chake, kitambaa kilicholowa kimefungwa shingoni, simu mkononi.

"Gesi nilikuwa sijawasha," alimwambia mama yake, kama anayetoa ripoti. "Lakini nilikwenda kuangalia."

Mama alimkumbatia. Bwana Kitasa alibaki kizingitini, vumbi la chuma mpaka kwenye nyusi, akamtazama mtoto kuanzia kichwani kushuka chini. Alikuwa amevaa viatu vya shule, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili.

"Mbona umevaa viatu?"

"Mama alisema ukiona moshi, vaa viatu utoke," alijibu. "Nikavaa. Halafu nikaona hakuna pa kutokea."

Hakulisema kwa kulaumu. Alikuwa anaeleza tu jinsi ilivyokuwa. Bwana Kitasa alikaa chini palepale mlangoni na kulia mbele za watu, na hakuna aliyemcheka, hata kijana wa maharage.

Jioni, walipobaki wenyewe, Mama Chiriku alitoa hukumu yake kama alivyoahidi. "Mtoto amefaulu," alisema. "Kila nilichomfundisha amekifanya. Na kila ulichomfundisha wewe amekifanya pia, ndiyo maana karibu tumkose."

Bwana Kitasa hakujitetea. Aliuliza tu kama bado anapelekwa kwa bibi.

"Mtoto anabaki. Wewe ndiye unarudia darasa."

Akalirudia. Kitasa cha juu hakukirudisha, na cha katikati alikitoa. Kile kimoja kilichobaki alikibadilisha, akaweka cha kufungwa na ufunguo kwa nje, lakini kwa ndani mtu anazungusha kwa mkono tu na yuko nje. Nondo za dirisha la upande wa baraza alizikata, akaziwekea bawaba na komeo ambalo Chiriku angelifikia bila kigoda. Alimfanya mtoto atoke, aingie, atoke tena, mchana, na taa zikiwa zimezimwa, mpaka mtoto akauliza kama na hili ni somo la shule. Na ile sheria ya kunyamaza aliibadilisha: mgeni hafunguliwi, lakini kukiwa na moshi, maji, maumivu au hofu tu, piga kelele, mwite yeyote.

Kisha alichonga ufunguo wa pili na kuupeleka mlango wa pili kwa mikono miwili. Mama Cherehani aliupokea, akaupima kwa jicho kama anavyopima kitambaa. "Kinyozi hajinyoi," alisema. "Karibu chai." Akaingia, akanywa.

Chiriku alibaki nyumbani. Siku za kwanza baba alipiga simu mara nyingi mpaka mtoto akamwambia anashindwa kumaliza kazi za shule. Kusema kulimrudia, lakini hakukurudi kote. Mpaka leo mlango ukigongwa, hukatiza neno katikati na kusikiliza kwanza, na kila afanyapo hivyo baba yake huona uchungu, maana anajua ni nani aliyemfundisha. Hilo hakuna kifaa cha kulitoa.

Bwana Kitasa yuko kwenye kona ileile. Wateja wanaomfahamu zamani wanasema amekuwa mgumu kuuza. Zamani ukija unataka kitasa, aliuliza mlango ni wa mbao au wa chuma. Sasa anauliza swali lingine kwanza. Juzi alikuja mama mmoja aliyevaa nadhifu, ana haraka ya kwenda kazini, akachagua kufuli kubwa kuliko yote ubaoni, la kufungia mlango kwa nje.

"Nani anabaki ndani?" Bwana Kitasa alimuuliza.

"Hakuna mtu," alisema yule mama, akitafuta pochi ndani ya mkoba. "Ni watoto tu."

Bwana Kitasa alilichukua kufuli mkononi mwa yule mama na kumwambia haliuzwi.